SOMO: Kuongelea jamii, vijana, hisia na utamaduni kwa Kiingereza, anza na sentensi yako ya Kiswahili

Habari za jioni wadau. Somo la leo refu kidogo kwahiyo chukua daftari kabisa, usisome ukapita.

Jumatano iliyopita darasani kwangu hapa Morogoro (nafundisha Kiingereza jioni, wengi wamemaliza form four au form six, kuna bodaboda wawili na mama mmoja mwenye genge) nilisema kila mtu aongee dakika mbili kuhusu mtu aliyemlea. Dada mmoja akasimama akasema "I remember my mother every day." Nikamwambia good, what do you remember? nikijua sasa anatusimulia, mama anapika, mama anamsuka nywele. Akanyamaza, ameshika ile biki kwa mikono miwili. Afu akasema kwa Kiswahili, hapana mwalimu, namkumbuka mama, alifariki mwaka juzi.

Alitaka kusema "I miss my mother". Sentensi yake haikuwa na kosa hata moja la grama, ila haikubeba alichokuwa nacho moyoni, na mimi mwalimu wake nikamuuliza swali la kumuumiza. Nimeomba ruhusa yake kuandika hii na amekubali. Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kuwapa watu orodha ya maneno hamsini ya hisia wakakariri, maana "remember" na yenyewe ipo kwenye orodha na alikuwa anaijua vizuri tu.

HATUA YA 1. Andika sentensi za Kiswahili unazosemaga kweli

Chukua ukurasa mmoja, andika kumi tu. Usiandike za kitabuni, andika zile zinazokutoka mdomoni: jamaa ameniboa, nilisikia aibu, mzee hanielewi, nimekata tamaa na hizi kazi, bibi ndo kanilea, pale kijiweni wananishawishi ninywe. Hizo ndo utakazozihitaji siku ukiulizwa maisha yako.

HATUA YA 2. Uliza neno lako limebeba vitu vingapi

Hapa ndo penye kazi, tukae hapa. Kiswahili kinaweza kuweka neno moja mahali ambapo Kiingereza kina mawili au matatu, ukichagua lisilo lako unakuwa umesema habari nyingine.

AIBU. Umejikwaa mbele za watu, au simu imelia msikitini, hiyo ni "embarrassed". Umemuibia ndugu yako na roho inakusuta, hiyo ni "ashamed", nzito sana, ina hatia ndani yake. Mtoto anajificha nyuma ya kanga ya mama yake mgeni akija, huyo ni "shy". Sasa mtu anaandika kwenye barua ya kazi "I am ashamed to speak in public" na anayesoma anajiuliza huyu alifanya nini huko nyuma.

WIVU. "Jealous" ni wivu wa kulinda kilicho chako, mpenzi wako akiongea sana na mtu. "Envious" ni kutamani cha mwenzio. Wenyewe Waingereza kwenye maongezi wanatumia "jealous" kote kote, ila ukiandika insha tenganisha.

KUBOA. Hili tulilitoa kwao likabadilika njiani. Kwao "bore" ni kumchosha mtu kwa kitu kisichovutia, sisi "umeniboa" ni umeniudhi. Kwahiyo mtu kakuudhi usimwambie "you bored me", sema "you annoyed me", na kama imekuuma sana "you upset me" au "you hurt my feelings".

WASIWASI. Mtoto hajarudi na giza limeingia, "I'm worried". Uko nje ya mlango wa intavyuu mikono inatoka jasho, "I'm nervous". Wasiwasi unaokaa nawe siku nyingi hata sababu huioni, hapo ni "anxious", na jina lake ni "anxiety". Tamka ANGK-shas, na ang-ZAI-a-ti, watu wengi wanaipoteza hapo.

UPWEKE. "I live alone" ni naishi peke yangu, inawezekana una raha zako. "I'm lonely" ndo upweke wenyewe. Mtu anaweza kuwa lonely nyumba imejaa watu.

KUJIVUNIA. "I'm proud of my son" ni nzuri, najivunia mwanangu. Ila "he is proud" ikisimama peke yake inaweza kusikika kama ana majivuno. Kiburi chenyewe ni "arrogant".

HATUA YA 3. Mwisho wa neno, -ed au -ing

Hii inawatesa watu miaka na miaka na jibu unalo tayari kwenye Kiswahili chako. Angalia: INAchosha, NIMEchoka. Kile kinachochosha ni "tiring", wewe uliyechoka ni "tired". Inashangaza "surprising", nimeshangaa "surprised". Inachanganya "confusing", nimechanganyikiwa "confused". Inakatisha tamaa "discouraging", nimekata tamaa "discouraged". Ukiona unasema kitu kinakufanyia wewe, weka -ing, ukiona ni hali iliyokupata, weka -ed. Mtu akisema "I am boring" anamaanisha yeye ndo anawachosha wenzie. Jaribu na zile sentensi zako kumi kabla hujaendelea chini.

HATUA YA 4. Vijana na jamii

Neno "youth" lina mtego. Kwanza umri. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema kijana ni miaka 15 hadi 35, sera yetu ya vijana Tanzania ya 2007 nayo hivo hivo, Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia 18 mpaka kabla ya kutimiza 35, ila takwimu za Umoja wa Mataifa wanahesabu 15 hadi 24. Kwahiyo ukiandika kwa mtu wa Uingereza "a youth of 33 years" atashangaa, kwake huyo ni mtu mzima. Pili, "a youth" kwenye magazeti yao mara nyingi ni kijana wa kiume aliye kwenye matatizo na polisi. Salama zaidi sema "young people". "Teenager" ni 13 mpaka 19 tu, maana namba zenyewe ndo zinaishia na teen.

Sasa yale ya kijiweni. Marafiki wanakusukuma ufanye wanachofanya wao, hiyo ni "peer pressure". Mzee hanielewi na mimi simuelewi kwasababu yeye kakulia zama zingine, "generation gap". Mtu unayetamani kufuata nyayo zake, "role model". Kuacha shule katikati, "drop out of school". Kudharau, "look down on", mfano "people look down on bodaboda riders", na hii sentensi imeandikwa na mwanafunzi wangu mmoja wa bodaboda, nikamwambia usibadilishe hata herufi.

Halafu kulelewa. Nasikia sana "I was grown up by my grandmother". Hapana. Kukua ni "grow up", unakua mwenyewe, hakuna anayekukuza. Kulea ni "bring up". Kwahiyo "I was brought up by my grandmother in Kilosa" au "I grew up in Kilosa". Zote mbili nzuri.

Jamii nayo ina mawili. "Community" ni watu wa karibu, mtaa, kijiji, watu wa imani moja. "Society" ni jamii kwa ujumla wake, na ukiongea kwa ujumla usiweke "the", sema "women in society", siyo "in the society". Na "discuss" haitaki "about". We discuss the problem, basi.

HATUA YA 5. Utamaduni

"Culture" ni utamaduni mzima. "Custom" ni desturi moja moja, mfano kumsalimia mkubwa shikamoo. "Tradition" ni mila iliyoshuka kizazi kwa kizazi. Hayo mepesi, shida iko kwenye kutafsiri vya kwetu.

Mahari. Wengi tumefundishwa "dowry". Kwa Kiingereza cha kimataifa "dowry" ni mali inayotoka upande wa BIBI HARUSI kwenda na yeye kwa mume. Yetu inatoka upande wa mwanaume, hiyo ni "bride price" au "bridewealth". Mimi napenda "bridewealth", ile "price" inafanya isikike kama mtu amenunuliwa na mahari haikuwahi kuwa hivo.

Kabila, ukiandika kwa wageni tumia "ethnic group", neno "tribe" wao wanaliona kama la kudharau japo sisi tunalitumia bila ubaya. Mganga wa kienyeji ni "traditional healer", usikubali mtu akuandikie "witch doctor". Na vitu visivyo na jina kwao usilazimishe. Ngoma ya unyago iite unyago afu eleza kwa sentensi moja, "a ceremony where older women teach a girl about adult life". Hiyo inatosha na heshima yake inabaki.

HATUA YA 6. Ongea dakika mbili

Chukua simu, washa rekoda. Jipe dakika moja kujiandaa, afu ongea dakika moja mpaka mbili bila kusimama. Huu ndo mtindo wa sehemu ya pili ya mtihani wa kuongea wa IELTS kwahiyo wanaotafuta vyuo vya nje mnajifunza viwili kwa mpigo. Sikiliza, kila ulipokwama andika ulitaka kusema nini KWA KISWAHILI, rudi hatua ya 2. Wiki nzima mada moja, usiruke ruke.

Maswali karibuni.

MASWALI

Mdau wa Kahama: Mwalimu shikamoo. POLE kwa kiingereza ni nini jamani, mi nafanya kazi na mzungu alijikwaa kwenye ngazi nikamwambia sorry akaniambia it's not your fault nikabaki nimeduwaa

Jibu: Marahaba. Yeye "sorry" yako kaisikia kama samahani, akadhani unajilaumu. Neno moja la pole hawana, inabidi uangalie tukio. Kajikwaa, "oh, are you all right?" Amekupa habari mbaya, "I'm sorry to hear that". Msiba, "I'm sorry for your loss". Mgonjwa, "I hope you feel better soon". Pole na kazi ndo haina kabisa, unaweza kusema "you've had a long day" na moyo wake unafika.

Mdau wa Nairobi: Sasa mwalimu, mi nikiwa interview naweza sema I'm a hustler? Huku kwetu hustler ni mtu wa bidii, hata siasa za 2022 zilijaa hiyo neno.

Jibu: Poa sana. Kwa mwajiri wa Kenya ataelewa. Kwa mgeni ni bahati nasibu, maana kwao wengine hustler ni tapeli wa mtaani. Sema "I'm hard-working" au "I've supported myself since I was eighteen", hiyo ya pili ina nguvu kuliko neno lolote.

Mdau wa Bukavu: Mwalimu, miye nilisomea Kifaransa. Niliandika my sister is very sensible, analia haraka. Wakaniambia si vile.

Jibu: Ni Kifaransa kimekuvuta ndugu yangu. "Sensible" ya Kifaransa ni mtu anayeguswa haraka, kwa Kiingereza huyo ni "sensitive". "Sensible" ya Kiingereza ni mtu mwenye busara. Neno limeandikwa sawa, maana ni mbili.

Mdau wa Mbeya: Naruhusiwa kusema I'm depressed nikiwa na siku mbaya?

Jibu: Watu wanasema, ila mi naomba usiseme. Siku mbaya ni "I'm feeling down" au "I feel low". "Depression" ni sonona, ugonjwa, hali inayomkalia mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Na kama ndo hivo ulivyo kweli ndugu yangu usihangaike na msamiati, nenda hospitali, waambie kwa Kiswahili.

Mdau wa Tanga: Kwenye dowry nakupinga, vitabu vyetu vyote viko hivo na tunaelewana

Jibu: Tukiwa wenyewe Afrika Mashariki tunaelewana, sikatai. Mwambie Mhindi "I paid dowry" ndo utaona. Kwao ni familia ya binti inayotoa na sheria imekataza tangu 1961, kwahiyo atakuelewa kinyume kabisa.

Mdau wa Morogoro: Mwalimu ni mimi wa Jumatano. Niseme I miss my mother au I am missing my mother?

Jibu: "I miss my mother", ndo ya kawaida. Ile nyingine siyo kosa ila usiikate katikati, "I am missing" peke yake maana yake umepotea, hujulikani ulipo. Ukitaka kuendelea sema "I miss the way she..." halafu weka kitu kimoja tu alichokuwa anafanya. Jumatano utaanza wewe, na safari hii sitauliza swali mpaka umalize.