Namna ya Kufundisha Historia ya Yazoo Darasani Bagamoyo
Unapowaandalia wanafunzi wa muziki hapa Bagamoyo somo kuhusu Yazoo, bendi ya Uingereza ya muziki wa sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki), anza na Vince Clarke, aliyeiacha bendi ya Depeche Mode mwaka 1981 na kuungana na Alison Moyet, mwimbaji wa mji wa Basildon mwenye sauti nzito ya bluzi. Wapigie wimbo wao "Only You", uliofika nafasi ya 2 kwenye chati za Uingereza mwaka 1982, na uwatake wasikilize kwanza sinthesaiza peke yake, noti mojamoja zikifuatana kwa mwendo usiobadilika, kabla ya kuifuatilia sauti inayojivuta juu yake. Utamu wote, kwa maoni yangu, uko hapo. Spika mbovu zitauua. Albamu zao mbili zitaje kwa kifupi, kisha ueleze kwamba walitengana mwaka 1983, na Clarke akaanzisha bendi ya Erasure mwaka 1985.