Besi isiyo na freti kwa mwenye mfuko mdogo: kuchagua, kung'oa na kutunza hapa Dodoma

Dogo mmoja anayepigia kwaya huko Nkuhungu alinifuata na simu mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hebu sikiliza hii." Ilikuwa gitaa la besi lisilo na freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa shingo), lile linaloteleza kutoka sauti moja hadi nyingine kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Alitaka kujua inauzwa wapi. Nikamwambia hapa mjini sijawahi kuikuta dukani, na yangu niliing'oa freti kwa mikono yangu. Ya kwake tukaifanya pamoja kwa Jumamosi nne. Ninaandika tulivyofanya, pamoja na kosa lililonila siku tatu mimi na kumla yeye chini ya saa moja kwa sababu nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Kama una pesa ya kuagiza nje, kampuni za Squier na Harley Benton zimetengeneza besi zisizo na freti za bei nafuu. Jumlisha usafiri na ushuru kabla hujashangilia. Ukishaipata, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5.

Hatua ya 1: Tafuta besi iliyochoka freti, isiyochoka shingo

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake kinakausha mpaka midomo. Besi inanunuliwa Kariakoo, kwenye hewa ya pwani, inapandishwa basi au treni ya SGR hadi huku, na ikifika Agosti ubao wa shingo umesinyaa. Freti ni chuma, hazisinyai. Ncha zake zinachomoza pembeni na kukwaruza kiganja kama msumeno. Mwenyewe anaona limeharibika, analiegemeza nyuma ya kabati, mwisho analiuza kwa bei ya kuondoa uchafu ndani. Hapo ndipo pa kuingilia, maana zile freti wewe unakwenda kuzitupa. Unachonunua ni shingo na pikapu (zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi).

Ishike kama seremala anavyokagua mbao: funga jicho moja, tazama shingo kwa urefu wake kutoka kwenye kiwiliwili. Kisha bonyeza uzi mmoja kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Uzi ni rula yako. Pengo dogo katikati, la karatasi mbili tatu, si tatizo. Pengo likiwa kubwa, omba kuzungusha trasirodi (kile chuma kilichofichwa ndani ya shingo) kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), robo mzunguko tu. Shingo ikiitika, endelea na maongezi ya bei. Ikiwa chuma kimeganda au kinazunguka bila kushika kitu, acha, hata ukipewa kwa bei ya soda. Acha pia shingo iliyojipinda kama kamba, upande wa E (uzi mnene kuliko zote) umebonyea na upande wa G (mwembamba kuliko zote) umenyooka. Hiyo haitibiki kwa alenki.

Nobu (vile vitufe vya kuzungusha sauti) zinazokoroma zisikutishe, zinasafishika. Ubao mweusi au wa kahawia ni bora kuliko ule mweupe uliopakwa vanishi ya kung'aa. Na kama ubao una ukanda wa plastiki kwenye kingo zake, mimi naiacha, kazi inakuwa mara mbili.

Mimi yangu nililipa laki mbili na nusu bila begi.

Hatua ya 2: Ng'oa freti

Pasha freti kwa kile chuma cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi, sekunde kadhaa kila sehemu, gundi ilainike. Anzia pembeni kwa koleo la kukatia waya lililosagwa mdomo ukawa bapa. Usivute. Bana, freti inyanyuke yenyewe, sogea, bana tena. Ukivuta kama msumari utaondoka na vipande vya ubao. Vikitoka vitunze, vinarudishwa kwa tone la supaglu.

Hatua ya 3: Jaza mifereji kabla ya kurudisha nyuzi

Freti zilikuwa zimejikita kwenye mifereji kama kabari. Ukiziondoa halafu ukafunga nyuzi juu ya mifereji mitupu, shingo inapinda mbele. Kwa hiyo jaza kwanza.

Tafuta vipande vya vinia nyeupe (mbao nyembamba kama karatasi nene) kwa mafundi fanicha, wanavitupa. Mfereji una upana wa kama nusu milimita. Dogo alikuja na wazo la kukata kadi ya benki ya zamani. Kadi ina unene wa milimita 0.76, haiingii mpaka uisugue sana. Vinia iingie kwa kubanwa kidogo na kidole. Usiigongee kwa nyundo, maana ukikaza mno kote kote shingo itapinda upande wa pili. Supaglu, subiri, kata kinachozidi kwa wembe.

Ubao wa besi umejikunja kidogo kama mgongo wa samaki, kwa hiyo ukisugua kwa kibao bapa utaula katikati. Kabla hata ya kung'oa freti unaweza kutengeneza kibao chako: laza msasa juu ya ubao, uso ukitazama juu, sugua kipande cha mbao laini kwa kwenda na kurudi mpaka nacho kichukue ule mkunjo. Baada ya hapo gundisha msasa kwenye kibao hicho. Anza na msasa namba 240, maliza na 600.

Vinia nyeupe ina maana mistari itaonekana. Wapo wanaosema mistari ni ya wanafunzi. Waache waseme. Zeze la Wagogo halina freti wala mistari, na mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, alizunguka nalo dunia bila kutafuta alama yoyote, lakini yeye alikua nalo. Wewe una mazoezi ya Jumatano na ibada ya Jumapili.

Dogo aliuliza habari za epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu. Alishasoma kwamba mpiga besi Mmarekani Jaco Pastorius alikuwa na Fender Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti, mifereji imejazwa na ubao umepakwa epoksi ya maboti. Ni kweli, na sababu ilikuwa ya msingi: alitumia nyuzi za mviringo zenye meno, zinazokula ubao. Ukitumia nyuzi bapa huna haja ya epoksi. Kwa vumbi letu la Septemba, kupaka kitu kinachokauka taratibu ni kualika mchanga uje kukaa juu yake.

Hatua ya 4: Kizingiti

Hapa ndipo paliponila siku tatu.

Kizingiti ninakiita kile kipande cha plastiki au mfupa kilicho kichwani mwa shingo, chenye vijia vinne ambamo nyuzi hupita kwenda kwenye mashine za kutunia. Kiwandani vijia hivyo vilikatwa kwa hesabu ya freti iliyosimama kama milimita moja juu ya ubao. Freti umeziondoa, kizingiti hakina habari. Uzi sasa uko juu kuliko inavyotakiwa, na ubaya wake wote uko jirani na kizingiti: ukibonyeza mstari wa kwanza, uzi unashuka sana kwenye umbali mfupi, unavutika, sauti inapanda. Mstari wa 12 huoni kitu.

Mimi sikujua. Jumapili ile F yangu ya mstari wa kwanza ilipanda mbele ya kinanda, na kinanda hakimsogelei mtu. Mwalimu wa kwaya akanitazama juu ya miwani. Nikarudi nyumbani, nikabadilisha nyuzi. Bado. Nikailaumu pikapu, nikailaumu programu ya kutuni kwenye simu, mwisho nikayalaumu masikio. Kibaya zaidi, nikaanza kuweka kidole nyuma kidogo ya mstari ili F ikae. Ikakaa. Mkono nao ukaibeba tabia hiyo hadi mstari wa 5 na wa 7, na huko sauti zikaanza kushuka. Siku ya tatu mwanangu, akichezea tu, alipitisha kadi ya benki chini ya uzi wa E pale kichwani. Ikapita bila kugusa popote.

Dawa ziko mbili, na mimi natumia zote kwa mfuatano.

Kwanza, punguza kitako. Pitisha wembe kwenye kingo za kizingiti kuvunja gundi na vanishi, weka kipande cha mbao pembeni, gonga taratibu kitoke. Laza msasa wa 240 juu ya kioo, sugua kitako chake mara nne, rudisha, pima. Mara nne tena, rudisha, pima. Utaona ni upuuzi. Fanya hivyo hivyo. Kidole cha shahada kina nguvu kuliko unavyodhani, na bila kupima utakuta upande mmoja umeliwa kuliko mwingine. Cha kwanza nilikitupa kwa sababu hiyo. Acha kusugua kadi ya benki inapoanza kukwama chini ya uzi.

Pili, malizia kwenye vijia. Tupa maalumu za kazi hii sijaziona hapa, ila masonara wanazo tupa nyembamba za mviringo. Kijia kiinamie nyuma, kuelekea mashine, ili uzi uguse pale mbele tu, upande wa ubao. Kikiinamia mbele, uzi unagusa ndani na besi inalia zing'zing' kama nyuki kwenye kopo. Kikiwa chembamba mno utasikia "tik" unapotuni, sauti inaruka badala ya kupanda polepole. Hapo uzi umebanwa, panua kidogo.

Kipimo changu ni karatasi ya kawaida ya fotokopi, ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Chini ya E zipite karatasi tatu kwa kubanwa, chini ya G mbili. Fika karatasi nne, pumzika, kunywa chai, halafu ndiyo umalizie. Ukifanya kazi hii umechoka saa tano usiku utapitiliza, kama dogo alivyopitiliza kwenye A: uzi mtupu ukagonga ubao, akaniangalia kama aliyevunja sahani ya wageni. Tukanyunyiza bekingi soda ndani ya kijia (si bekingi pauda), tone moja la supaglu juu yake. Inaganda hapo hapo na kuwa ngumu kama jiwe, na inatoa moshi unaochoma macho, kwa hiyo kaa mbali. Tukachonga upya.

Baada ya kizingiti utagundua nyuzi bado ziko juu huku mbele. Shusha vitako vya briji, vile vinavyobeba nyuzi huku kwenye kiwiliwili. Vikifika chini kabisa na bado haitoshi, ndivyo ilivyo kwa besi nyingi zilizong'olewa freti, fungua bisi nne za shingo na uweke kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi ndani ya shimo la shingo, upande wa ndani kabisa, shingo ilale nyuma kidogo. Kadi za harusi hakuna nyumba isiyo nazo.

Hatua ya 5: Nyuzi

Nunua pakiti iliyoandikwa Flatwound. Hizo ni nyuzi bapa, laini kwa kidole, hazikwangui ubao. Bei yake inauma, lakini zinakaa miaka. Mara nyingi zinavuta zaidi kuliko za mviringo, kwa hiyo baada ya kuzifunga iache besi ilale usiku mmoja, pima shingo tena kwa ule uzi-rula, na ikibidi robo mzunguko wa trasirodi.

Kurekebisha briji: ile sauti nyembamba ya juu ya mstari wa 12, ya kugusa uzi bila kubonyeza, ilingane na sauti ya kubonyeza hapo hapo. Usibonyeze kwa kidole, kidole ni kinene na kinadanganya. Kandamiza uzi kwa ukingo wa kadi ya benki juu ya mstari wenyewe. Ya kubonyeza ikipanda, rudisha kitako cha briji nyuma. Ikishuka, kilete mbele. Kwa besi ya kawaida ya inchi 34 mstari wa 12 uko milimita 432 kutoka kwenye kizingiti, kama unataka kuhakikisha kwa futi.

Hatua ya 6: Kidole juu ya mstari

Kwenye freti ulizoea kuweka kidole nyuma ya chuma. Hapa kidole kinakaa juu ya mstari wenyewe. Zile nukta za ubavuni zilipigwa kati ya freti na freti, kwa hiyo zitakudanganya. Zifute kwa peni ya rangi nyeusi, uweke mpya kwenye mistari. Fanya mazoezi na kinanda kikiwa kimeshikilia sauti moja.

Hatua ya 7: Kutunza

Adui wa hapa ni ukavu na vumbi. Usiiegemeze dirishani, usiiache kwenye gari lililopaki juani. Kuanzia Juni mimi naweka ndani ya begi kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, ndani yake sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa hadi haitoi tone. Mvua zikianza, Desemba hivi, kinatoka.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Mchanga uliobaki kwenye uzi ndio unaochimba ubao, hata uzi ukiwa bapa. Ubao usio na vanishi naupaka mafuta mara mbili kwa mwaka, matone machache ya mafuta ya kitani, na ninafuta yote yanayobaki juu. Mafuta ya alizeti acha jikoni. Najua yako jirani na ni ya hapa hapa, lakini yataganda na kunata, na vumbi litayapenda.

Pima shingo mara mbili: kiangazi kikikolea, na mvua zikishakaa. Usikisie imeelekea wapi. Bonyeza mstari wa kwanza na wa mwisho, tazama katikati. Ikipinda mbele, kaza. Ikipinda nyuma, legeza. Robo tu, halafu kesho ndiyo utazame tena. Ya dogo baada ya mvua za kwanza ilihitaji robo moja. Alinipigia kuuliza alenki ni namba ngapi. Namba nne, dogo, na uirudishe.