Kutoa potasi kwenye maganda ya ndizi hadi kupata sabuni laini ya mawese

Watengenezaji wa kasiksi, pombe ya ndizi, kandokando ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, hutupa maganda ya ndizi yenye potasiamu nyingi. Ukiyachoma, potasiamu hiyo hubaki majivuni kama potasiamu kaboneti, ndiyo potasi. Majivu ya makala hayafai sana: yamejaa kalisi.

1. Anika maganda mpaka yavunjike mkononi, yachome juu ya bati hadi majivu yawe meupe-kijivu. Yakibaki meusi, maji yake yatatoka na rangi ya chai. Mvua isiyaguse, itaondoka na potasi yote.

2. Toboa kitako cha bidoni, tandika majani makavu na kitambaa, tia kilo 1 ya majivu. Mimina lita 3 za maji ya mvua ya moto, kidogo kidogo.

3. Chemsha maji yaliyochuja kwenye sufuria ya chuma. Ile ya aliminiamu, iliyojaa soko la Kadutu, italika na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Fuwele zikianza ukingoni, epua, acha ipoe usiku kucha. Zinazotua chini ni chumvi nyingine, kama potasiamu salfeti: kwa nyuzi 20, mililita 100 za maji hubeba takribani gramu 11 tu za salfeti, lakini gramu 110 za potasi. Kwa hiyo chukua maji ya juu, uyakaushe. Unga utakaobaki ndio potasi, ufunge papo hapo. Ukiuacha wazi utavuta unyevu mpaka ulowe. Kuujaribu, udondoshee limau: kaboneti hutoa povu.

4. Wengi hutia potasi hii moja kwa moja kwenye mawese, kisha wanalaumu mafuta. Kaboneti hushika asidi huru za mawese yaliyochacha tu. Mafuta yenyewe yanadai haidroksidi, iliyo kali zaidi, nayo hupatikana kwa kuchemsha potasi na chokaa. Yeyusha gramu 100 za potasi katika lita 1 ya maji, ongeza gramu 60 za chokaa iliyozimwa, chemsha nusu saa ukikoroga. Acha itulie, chota maji maangavu, jaribu kijiko kimoja kwa limau. Bado povu? Kaboneti imebaki: huenda chokaa ni ya zamani, imeshageuka jiwe la chokaa tena, ongeza mpya. Maji haya huchoma ngozi na macho: vaa glavu na miwani, na yakikurukia osha kwa maji mengi, si kwa limau.

5. Pasha gramu 350 za mawese, mimina maji hayo taratibu, koroga juu ya moto mdogo hadi yashikane. Potasi safi ingetosha gramu 400, ila ya majivu haiwi safi kabisa. Mafuta yakielea hata baada ya saa mbili, punguza mawese safari ijayo.