Anzeni na "Yatokanayo": Namna ya Kuandika Historia ya Kamati ya Wanawake Kazini

Tawi la chama cha wafanyakazi likiamua kuandika historia ya kamati yake ya wanawake, mara nyingi huanza kwa kutafuta majina ya wenyeviti na picha za mgeni rasmi akikata keki. Kwa kuanzia hapo, kazi inakuwa imeshaharibika. Orodha ya viongozi haisemi wanawake walidai nini, nani aliwakatalia, wala walikipata mwaka gani. Mambo hayo yamo kwenye mihtasari ya vikao. Mwongozo huu ni kwa matawi ya watumishi wa serikali kuu na halmashauri za Arusha na Moshi, yawe ya TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya), TALGWU (cha wafanyakazi wa serikali za mitaa) au kitengo cha wanawake cha CWT (chama cha walimu).

Watu watatu au wanne wanatosha, na tengeni miezi sita. Mkiwa kumi, kazi itakuwa ya vikao vya maandalizi tu. Mmoja wenu awe mtunza kumbukumbu wa masjala, kwa sababu yeye ndiye anayejua majalada yaliyofungwa yalipelekwa stoo ipi.

Kibali

Andikeni barua mbili, moja kwa mwajiri (Mkurugenzi au Katibu Tawala, kutegemea mko wapi) na nyingine kwa katibu wa chama mkoani. Semeni wazi kwamba mnaomba majalada ya kamati, ya tawi na ya maadhimisho ya Machi 8 (Siku ya Wanawake) na Mei Mosi, na kwamba hamuombi majalada binafsi ya watumishi. Barua isipokuwa na sentensi hiyo ya mwisho itakaa mezani wiki tatu, maana ofisa utumishi ataona mnataka kuchungulia siri za watu.

Jedwali la miaka kabla ya mahojiano

Hatua hii hurukwa sana, na kurukwa kwake ndiko kunakozaa makosa mengi. Chukueni daftari kubwa, chora safu tatu: mwaka, nchi ilikuwaje, tawi letu lilikuwaje. Jazeni safu ya pili kwanza. UWT, jumuiya ya wanawake ya chama tawala, iliundwa 1962. NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ilianzishwa kwa sheria 1964, baada ya TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kuvunjwa. Baada ya CCM kuzaliwa 1977, NUTA ikageuzwa JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi chini ya chama tawala. Mwaka 1991 ikaja OTTU kuchukua nafasi yake. Vyama vya kisekta vikaota miaka ya 1990, CWT ikiwa ya 1993, na TUCTA, shirikisho lao, ikafuata baada ya sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1998 kuanza kutumika mwaka 2000.

Faida yake ni hii: mama mstaafu akisema, "Mimi nilikuwa katibu wa wanawake wa TUGHE mwaka 1982," hamtaliandika. Mwaka huo TUGHE haikuwepo. Hadanganyi, anaita kitu cha zamani kwa jina la leo kama tunavyofanya sote. Kichwa cha barua kitasema ilikuwa JUWATA. Huenda pia ilikuwa UWT, kwa maana kabla ya vyama vingi mwaka 1992 CCM ilikuwa na matawi mahali pa kazi, na wanawake walewale walikaa vikao vya pande zote mbili, wakati mwingine siku moja, chai ikiwa ileile.

Mipaka nayo inateleza. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, kwa hiyo ripoti ya "wanawake mkoa wa Arusha" ya 1998 ina watu wa Babati, Mbulu, Hanang' na Kiteto ndani yake. Msilinganishe idadi hiyo na ya 2005 halafu mkaandika kwamba wanachama walikimbia. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, za miji zikarudi 1978, za wilaya 1984. Aliyefanya kazi wilayani mwaka 1976 mwajiri wake alikuwa serikali kuu, hata kama alikaa ofisi ileile na kiti kilekile.

Kusoma muhtasari

Muhtasari wa kikao una mpangilio unaojulikana: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda za siku, mengineyo, kufunga. Msisome kwa kufuata mpangilio huo. Nendeni "yatokanayo" kwanza, yaani taarifa za utekelezaji wa yaliyoamuliwa kikao kilichopita. Tuseme kwenye kikao cha Machi imeandikwa, "Suala la choo cha wanawake jengo la pili: katibu afuatilie." Juni: "Katibu alieleza kuwa suala bado linafanyiwa kazi." Oktoba: "Wajumbe waliomba suala lipewe uzito." Mwaka unaofuata halionekani tena. Hapo pana sura nzima ya kitabu chenu. Jambo linapotoweka bila neno "limekamilika", ama lilitekelezwa kimya kimya, ama waliolidai walihamishwa, ama walichoka. Hilo ndilo swali la kupeleka kwa wastaafu.

"Mengineyo" ni mahali pa kuchimba pia. Mambo mazito, kama uhamisho wa ghafla wa mjamzito au lugha chafu ya mkuu wa kitengo, hayakupewa ajenda. Yalichomekwa mwishoni watu wakishaanza kutazama saa, na karani akayaandika kwa mstari mmoja.

Angalieni na msamiati, kwa sababu unasaidia kutambua umri wa karatasi isiyo na tarehe. Za miaka ya 1960 na 1970 husema "akina mama" na "ukombozi". Baada ya mkutano wa Beijing wa 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania Gertrude Mongella, "jinsia" na "usawa wa kijinsia" vinajaa kila ukurasa, na mitaani ikawa "mambo ya Beijing". Neno "ufeministi" hamtalikuta. Msilipachike midomoni mwa watu wasiolitumia. Kama mnaona walichofanya ni ufeministi, semeni ninyi kwa sauti yenu.

Likizo ya uzazi kama kipimo

Mkitaka uzi mmoja wa kufuata kuanzia mwanzo hadi leo, fuateni likizo ya uzazi. Mabadiliko ya sheria yaliyofanywa 1975 yaliwapa wanawake wote walioajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, awe ameolewa au hakuolewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ikabaki na siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Muulizeni kila mstaafu: ulijifungua mwaka gani, ulikaa nyumbani siku ngapi, ulipewa barua? Kwenye pengo kati ya sheria na jibu lake ndipo mtaona kamati ilikuwa na meno au la.

Kuongea na wastaafu

Watu 8 hadi 12 wanatosha. Wahudumu wa ofisi, makarani na wapiga chapa wawe angalau nusu. Mkihoji maofisa peke yao, mtaandika historia ya maofisa. Wakati mzuri ni Desemba, hasa kwa upande wa Moshi: waliostaafia Dar es Salaam au Dodoma hupanda nyumbani Machame, Marangu na Rombo. Nendeni kati ya tarehe 27 na 30, sikukuu ikiwa imeshatulia lakini magari ya kurudi hayajaondoka. Piga simu siku mbili kabla, nenda asubuhi, toa shikamoo na ukubali chai. Kinasa sauti kisiwekwe mezani kabla ya chai kuisha.

Weka simu hali ya ndege ili isikatize kurekodi. Dakika 60 hadi 90, basi. Mzee akichoka anaanza kukubali kila unachosema. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika, kwa hiyo msirekodi watu watano kwa siku moja mkitegemea "tutaandika baadaye".

Usiulize "kamati ilisaidiaje wanawake?" Utajibiwa kwa hotuba. Omba uone vitenge. Sare za Machi 8 huchapwa mwaka na kaulimbiu kwenye kitambaa chenyewe. Kiguse: kimefuliwa mara nyingi, rangi imepauka mabegani, pindo la chini limekatwa na kushonwa upya. Uliza nani alichagua rangi, fedha zilikatwa kwenye mshahara au zilichangwa mkononi, na nani hakununua. Jibu la swali la mwisho linafungua mengi kuliko dodoso la kurasa kumi.

Rushwa ya ngono itajitokeza. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 inaitaja kuwa kosa, lakini wengi watakaoongea nanyi waliyapitia kabla ya hapo. Simu izimwe mara moja, sikiliza, kisha muulize kama anataka liandikwe na kwa namna gani. Jina la mhusika lisiingie kwenye sauti wala kwenye daftari. Fomu ya ridhaa isainiwe baada ya mazungumzo, si kabla, maana kabla hajui atasema nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana na ninyi.

Kwa Moshi hamtakwepa kumtaja Lucy Lameck, mzaliwa wa huko aliyesomea uuguzi, akafanya kazi ya ukarani KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, akaenda Ruskin College, Oxford, na baada ya uhuru akawa waziri mdogo. Mpeni aya moja. Akipewa sura nzima, wapiga chapa wenu watapotea kivulini mwake.

Karatasi zenyewe

Toeni pini zilizoshika kutu kwa kuzikunjua taratibu, si kuzivuta. Selotepu msiitumie kabisa, inageuka rangi ya chai na kula wino. Laminesheni ndiyo mbaya kuliko zote, maana haitoki tena. Karatasi za faksi za miaka ya 1990 hufutika zenyewe, kwa hiyo zipigeni picha siku hiyohiyo. Pigieni dirishani bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi, na ziiteni kwa mwaka-mwezi-siku na namba ya jalada. Nyuma ya picha za studio andikeni kwa penseli laini, kwani kalamu ya wino hupenya ikatokea usoni.

Kwa magazeti, *Mfanyakazi*, la NUTA na baadaye JUWATA, litafutwe katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyaraka za serikali zilizotimiza miaka 30 zinaombwa Nyaraka za Taifa.

Rasimu ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 14 na kurudishwa kwa kila aliyehojiwa, pamoja na kalamu nyekundu. Wape wiki mbili. Wasioona vizuri wasomewe na mtu asiye wa ofisini kwenu. Nakala za mwisho ziwe nne: tawi, masjala, maktaba ya mkoa, na moja kwa mzee aliyetoa karatasi nyingi kuliko wote.