Namna ya Kumfuatilia Dekano wa Rota ya Roma Katika Historia

Anayetaka kujua ni nani aliyekuwa Dekano wa Rota ya Roma katika mwaka fulani, na ni kazi gani hasa aliyoifanya, inampasa kwanza kukielewa cheo chenyewe. Rota ni mahakama ya kawaida ya rufaa ya Kiti Kitakatifu, yaani uongozi mkuu wa Kanisa Katoliki, na sehemu kubwa ya mashauri yake ya leo yanahusu ubatili wa ndoa. Majaji wake, ambao kwa jadi huitwa auditori, huhukumu kwa majopo, na kwa kawaida jopo huwa la majaji watatu. Dekano huliongoza baraza la majaji hao, lakini Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, katika kanuni ya 1598, ulieleza wazi kwamba yeye ni wa kwanza kati ya walio sawa, na katiba ya kitume Praedicate Evangelium ya mwaka 2022 imeurudia msimamo huo. Kauli hiyo iwe mbele ya macho yako katika utafiti wote, kwa sababu makosa mengi yaliyoandikwa kuhusu madekano hutokana na kumchukulia dekano kama mkuu ambaye neno lake linawafunga wenzake.

Hatua ya kwanza ya kazi ni kuubainisha wakati unaoushughulikia, kwa kuwa Rota haikuwa na sura moja karne zote. Chimbuko lake ni makasisi wa nyumba ya Papa waliokabidhiwa kusikiliza mashauri, na ambao tangu enzi za Papa Inosenti III walipewa pia uwezo wa kutoa hukumu. Yohane XXII aliwatungia utaratibu mwaka 1331, Upapa ukiwa Avignon, naye Sisto IV mwaka 1472 akaweka idadi ya majaji kuwa 12. Baadaye viti hivyo vilihesabiwa pia kwa mataifa na miji: Hispania ilikuwa na viwili, Ufaransa na Ujerumani kimoja kimoja, na miji kama Venezia, Milano na Bologna ikawa na vyake. Kwa hiyo, ukikutana na dekano Mhispania katika karne ya 17, usikimbilie kudhani kwamba Papa alimpendelea. Yaelekea mtu huyo aliingia kwa kiti cha taifa lake, kisha akapanda kadiri wenzake waliomtangulia walivyoondoka.

Hapo ndipo ilipo kanuni yenye manufaa kuliko zote kwa mtafiti. Kwa muda mrefu udekano ulifuata ukongwe wa kazi, na hata sheria ya pekee ya Rota iliyotolewa mwaka 1908 iliagiza kwamba nafasi ya dekano ikibaki wazi, jaji anayemfuata kwa kiti airithi papo hapo. Maana yake ni kwamba huhitaji daima kuipata hati ya uteuzi wa dekano. Tafuta tarehe ambayo kila jaji aliingia Rota, zipange tarehe hizo kwa mfuatano, kisha ondoa waliokufa, waliohamishwa na waliopewa ukardinali. Anayebaki juu ya orodha ndiye unayemtafuta. Kwa kipindi cha kabla ya 1870, kazi ya Emmanuele Cerchiari kuhusu majaji wa Rota, iliyochapwa Roma kuanzia 1919 hadi 1921, ndiyo mahali pa kuanzia.

Kanuni hiyo haifai kwa nyakati zetu. Katiba Pastor Bonus ya mwaka 1988 ilisema kwamba Papa humteua dekano kutoka miongoni mwa majaji wenyewe kwa muda maalumu, na ile ya 2022 imeutaja muda huo kuwa miaka mitano. Kwa madekano wa karibuni, kama Antoni Stankiewicz, Pio Vito Pinto na Alejandro Arellano Cedillo aliyeteuliwa Machi 2021, chukua tarehe moja kwa moja katika matangazo rasmi ya Kiti Kitakatifu.

Usisahau pengo lililopo katikati. Roma ilipotekwa tarehe 20 Septemba 1870, Rota ilikoma kuhukumu, na Pio X ndiye aliyeirudishia kazi hiyo kwa katiba Sapienti consilio ya tarehe 29 Juni 1908. Kwa miaka hiyo 38, jina la jaji wa Rota halithibitishi kwamba mhusika aliwahi kukaa kwenye jopo la rufaa. Orodha ya sasa huanza upya na Michele Lega, dekano wa kwanza baada ya 1908.

Kwa karne ya 20 kipo kidokezo kingine, nacho ni ukardinali. Dekano aliyefanywa kardinali aliiacha Rota, kwa hiyo tarehe ya heshima hiyo hufunga kipindi chake: Lega mwaka 1914, Massimo Massimi 1935, Boleslaw Filipiak 1976. Tazama miezi pia. Desemba 1958 Mfaransa André Jullien alifanywa kardinali, akafuatwa na Mskoti William Theodore Heard, ambaye naye alipata ukardinali Desemba 1959 na kumpisha Mmarekani Francis Brennan. Anayeandika mwaka tu bila mwezi ataona madekano wawili katika 1958 na wawili katika 1959, na atashindwa kusema hukumu ipi ilitolewa chini ya nani. Hata hivyo, kidokezo hiki kina mipaka, kwa maana si madekano wote waliopata ukardinali, na Mario Pompedda aliupata mwaka 2001 alipokuwa ameshahamia Signatura ya Kitume, mahakama ya juu kabisa ya Kanisa.

Ukishampata mtu wako, zisome hukumu zake, na hapa inafaa kwenda polepole. Hukumu za Rota tangu 1909 zimekusanywa katika majuzuu ya kila mwaka, na kila moja hutajwa kwa neno la Kilatini coram likifuatwa na jina la jaji aliyeiandika pamoja na tarehe. Hukumu iliyoandikwa coram Pompedda ni yake kama jaji wa jopo, pengine miaka mingi kabla hajawa dekano mwaka 1993, na haipati uzito wa kisheria wa ziada kwa sababu baadaye alipanda cheo. Kinyume chake, hukumu kubwa iliyotolewa wakati wa udekano wake ikiwa na jina la jaji mwingine si kazi yake. Kazi ya dekano kama dekano itafute penye uongozi, yaani katika kupanga majopo na kuusimamia mwenendo wa mahakama. Mwaka 2011 Benedikto XVI aliihamishia Rota pia shughuli za ndoa ambayo haikukamilishwa, yaani ambayo wenzi hawajakutana kimwili, na ofisi hiyo ikawekwa chini ya dekano.

Katika karne za nyuma uongozi huo ulifika mbali zaidi ya mahakama. Francisco Peña, dekano Mhispania, ndiye aliyeandaa taarifa iliyochapwa kuhusu maisha na kutangazwa mtakatifu kwa Carlo Borromeo mwaka 1610, kwa kuwa majaji wa Rota walikuwa wakichunguza mashauri ya namna hiyo. Ukiishia kwenye rufaa peke yake, utaikosa sehemu hiyo nzito ya maisha yake.

Jihadhari pia na majina yanayofanana. Florence na Genoa zilikuwa na mahakama za kiraia zilizoitwa Rota, na Madrid ina Rota ya Ubalozi wa Papa, iliyoanzishwa na Klementi XIV mwaka 1771, yenye dekano wake. Dekano wa Baraza la Makardinali ni mtu tofauti kabisa. Tena, Arellano Cedillo ni rais wa Mahakama ya Rufaa ya Mji wa Vatikano, ambayo huhukumu kwa sheria za dola hiyo. Uamuzi unaotoka huko usiuweke katika hesabu ya Rota, hata kama mwenyekiti ni yeye yule.