Meza isipasuke kiangazi
Ukiuza meza ndogo za mninga pale Lubumbashi ili upate pesa ya gitaa, ogopa kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa hukauka, ubao husinyaa kwa upana, na uso wa meza uliobanwa kwa kole (gundi) na misumari kila upande hupasuka katikati. Mteja anairudisha, faida imekwenda. Uso huo ufunge kwa visi (skrubu) kutoka chini, kupitia fremu: tundu la katikati la fremu liwe duara, ya pembeni yachongwe marefu kidogo, milimita 6 hivi, yakielekea upande wa upana, kukingama na nyuzi za ubao wa uso, ili visi zipate pa kusogea. Kole isiguse hapo. Vernisi ipakwe pande zote mbili, hata chini kusikoonekana (wengi huruka hapo). Bei ihesabu pia usafiri na siku zako za kazi, gitaa baadaye.