Namna ya Kupima Mchango wa Kiunzi cha Seli katika Ishara na Ukuaji wa Limfoma

Kabla ya kugusa dawa yoyote, amua kama swali lako linahusu ishara (ujumbe unaopita ndani ya seli) au ukuaji wa limfoma, saratani ya seli za kinga, kwa sababu kiunzi cha seli, yaani mtandao wa nyuzi za protini unaoipa seli umbo, huathiri yote mawili kwa njia tofauti, na anayeyachanganya huishia na jibu asiloweza kulitetea.

Katika seli B (seli ya kinga ya jamii inayozaa kingamwili) iliyotulia, nyuzi za aktini, mojawapo ya protini za kiunzi, zilizo chini ya utando huzuia vipokezi vya antijeni (dutu ambayo kinga huitambua) visitembee ovyo, na protini kama ezrini na moesini huushikiza utando kwenye nyuzi hizo mithili ya vigingi vya hema. Nyuzi zikivunjwa kwa latrunkulini A, vipokezi hupata nafasi ya kutembea na ishara inaweza kuwaka hata pasipo antijeni: kalsiamu hupanda ndani ya seli, na kinasi ERK, kimeng'enya cha kupitisha ishara, hutiwa fosfeti, alama kwamba kimewashwa.

Chagua seli za aina mbili angalau. TMD8 hutoka katika limfoma ya seli B kubwa ya kundi la ABC (linalofanana na seli B zilizoamshwa), ambalo mara nyingi huishi kwa ishara sugu ya kipokezi cha antijeni, ilhali SU-DHL-4 ni ya kundi la GCB (linalofanana na seli B za vituo vya kuzalia). Chunguza pia hali ya jeni ya GNA13, ambayo protini yake huamsha RHOA, mdhibiti mkuu wa aktini. Badiliko la G17V (glaisini ya 17 kugeuka valini) la RHOA lenyewe ni maarufu katika limfoma za seli T, kwa hiyo usilihamishie seli B bila ushahidi.

Gawa seli katika makundi matatu: lisiloguswa, lililopewa kiyeyushi DMSO pekee, na lililopewa latrunkulini A iliyoyeyushwa katika DMSO hiyohiyo. Kwa ishara, chukua sampuli baada ya dakika chache, maana ukichelewa hadi kesho yake utakuwa unapima matokeo ya matokeo. Hapa ndipo wengi hujikwaa: itifaki nyingi za kupima protini zenye fosfeti hutoboa seli kwa methanoli baridi, na methanoli huharibu umbo la aktini ambalo faloidini, kemikali ya kuonyesha nyuzi za aktini, hulitambua. Gawa kila sampuli mara mbili, nusu moja kwa kingamwili za fosfeti na nusu nyingine, iliyokazwa umbo lake kwa paraformaldehaidi na kutobolewa kwa saponini, kwa faloidini.

Ukuaji unahitaji tahadhari zaidi. Seli inapogawanyika hujikata kwa pete ya aktini, hivyo dawa inayovunja aktini hupunguza idadi ya seli hata kama ishara haikuguswa. Tazama kwa hadubini: ukiona seli nyingi zenye viini viwili, kilichokwama ni mgawanyiko. Vinkristini nayo, ambayo hutumika sana kutibu limfoma, huzuia protini ya tubulini isijenge mikrotubuli, mirija ya kiunzi inayotenganisha kromosomu seli inapogawanyika, na kushuka kwa idadi ya seli chini yake hakuthibitishi lolote kuhusu vipokezi.

Kwa maoni yangu, jaribio lenye uzito kuliko yote ni la kuondoa protini moja na kuirudisha. Zima jeni ya ezrini, kisha rudisha ezrini ya kawaida katika sehemu ya seli hizo, na katika sehemu nyingine ezrini ambayo asidi-amino yake ya 567, threonini, imegeuzwa kuwa alanini, isiyoweza kutiwa fosfeti mahali hapo. Ikiwa ya kawaida pekee ndiyo inayorejesha ishara na ukuaji kwa pamoja, umepata sababu nzuri ya kuvihusisha viwili hivyo.